Hatukuwa na Vita na Mtu

...na Denimaki, na Uholanzi, na Ubelgiji, Mzee Kenga anaziita moja moja kama mtu anayeita wajukuu waje wale, na kila akimaliza moja kanisa lote linaitika Twakushukuru Bwana, na Ngumbao naye anaitika, midomo tu, sauti haitoki, magoti yamekufa ganzi juu ya mkeka na mvua ya masika inanong'ona kwenye makuti juu ya vichwa vyao, na anangoja, maana kuna moja haijatajwa, Mzee ataisahau, ni nchi ya mbali mno hata kwa katekista wa Timbwani aliyesomea Ribe, na akiisahau itakuwa afadhali, na kwa nini iwe afadhali, kwa sababu ikitajwa... na Norwe, anasema Mzee Kenga, Norwe nayo, Bwana, nchi ndogo iliyoingiliwa pasipo kosa lolote, umeirudisha kwa wenyewe, na watu wanaitika Twakushukuru Bwana kwa sauti ileile waliyowaitikia Wabelgiji, na Ngumbao peke yake, kanisa zima, ndiye anayefumbua macho. Imetajwa. Imetajwa Likoni, Jumapili asubuhi, vita vya Mjerumani vimekwisha, na mbingu hazikupasuka, na mbele yake, safu ya kwanza, upo mgongo wa Dishon, shemeji yake, kaka wa Jumwa, koplo aliyerudishwa kutoka vita vya Bama na jeraha la paja, kaki yake imepigwa pasi na Jumwa mwenyewe jana jioni, mistari imenyooka kama wembe, na sala hii ikiisha Mzee Kenga atasema kama alivyotangaza juma lililopita, waliokwenda vitani wasimame kanisa liwaone, na Dishon atasimama, na wenzake wawili watasimama, na Ngumbao atakaa, hilo lilikwisha kuamuliwa jana juu ya sinia ya ugali wa muhogo, Shemeji, alisema Dishon akitoa mwiba wa samaki mdomoni, kesho Mzee akisema wasimame, wewe usije ukasimama ukatutia haya, anaita askari, na Ngumbao akauliza, Kwani mimi nilikuwa wapi miaka ile, na Dishon akacheka, si kicheko kibaya, kicheko cha mtu aliyeshiba, Wewe ulikuwa melini shemeji, ukitia makaa, na makaa hayapigi mtu risasi, na Jumwa akasema, Kuleni, ugali unapoa, basi, hilo tu, Kuleni, na Ngumbao akala, akaumeza ule ugali pamoja na lile neno, kama alivyomeza mengine mengi tangu arudi na mkono wa kushoto uliobabuka hadi kwenye kiwiko, maana watu walimwuliza, Ulipigana na nani, naye akajibu, Nilitia makaa, wakasema, Aa, wakageukia habari nyingine, na kweli mtu ataeleza nini, ataanzia wapi, aanze na chumvi?

Aanze na chumvi basi, maana walikuwa wamepakia chumvi ya Adeni, meli ikiitwa Sigruni, meli ya Wanorwe, chuma kikuukuu kilichopakwa rangi juu ya kutu, na yeye na Kioko waliandikwa humo pale Kilindini baada ya watia makaa wawili wa Kizungu kushushwa na homa, Kioko Mkamba aliyekuwa akiishi Changamwe kwenye nyumba za reli, mtu wa maneno mengi, akisema makaa ni makaa, ya gari-moshi na ya meli yote yana baba mmoja, na walikuwa wakishuka na pwani ya Wasomali kurudi nyumbani, mchana wa jua kali, mwezi wa Aprili, mwaka ule wa arobaini, filimbi ikapigwa watu wote wapande juu, wote, hata waliolala, hata mpishi Mchina na mikono yake yenye unga, wakasimama juani, na nahodha akavua kofia. Nahodha mrefu yule ambaye hawakuwahi kumsikia akisema zaidi ya maneno mawili. Akasema kwa lugha yao kwanza, na Ngumbao akaona nyuso za wale wanaume zikibadilika kabla hajaelewa hata neno, kama unavyoona upepo majini kabla haujakufikia, kisha nahodha akarudia kwa Kiingereza cha melini ili na wao waliosimama kando waelewe, Nchi yetu imeingiliwa alfajiri, Mjerumani amekuja kwa meli na ndege, Denimaki nayo imeingiliwa, imekwisha kuanguka, na sisi, akajifuta uso kwa kofia akaanza tena, na sisi hatukuwa na vita na mtu, tulisema wazi, tukawaambia wote, sisi ni wadogo, tuacheni... na Ngumbao masikio yakamlia, jua likawa kama limezimwa, kwa sababu maneno yale alikuwa anayajua, aliyajua kwa Kigiriama kabla hajayajua kwa lugha nyingine yoyote, yalikuwa maneno ya baba.

Hatukuwa na vita na mtu, baba alikuwa akisema, Ngala mwana wa Ngumbao mkuu, amekaa mlangoni mwa kibanda ambacho hakukipenda, upande wa kusini wa mto Sabaki, akitazama upande wa kaskazini, na alisema hivyo asubuhi na alisema jioni mpaka mama akamwambia, Baba Ngumbao, ng'ombe amekwisha kusikia, nyamaza... maana vita vile vya kwanza vilikuwa vya Wazungu na Wazungu, Wagiriama walikuwa na mtama wao na mbuzi wao, wakaja watu wa serikali wakataka vijana wa kubeba mizigo ya vita, wazee wakasema, Huyo Mjerumani hatumjui, hatuna neno naye, nanyi hatuna neno nanyi, tuacheni tulime, na jibu likaja kwa bunduki, na kaya yao, msitu wa wahenga, ikalipuliwa kwa baruti, kisha amri, hameni, vukeni mto, na baba ndiye aliyesema, Tutii upesi, tukitii upesi hawatatudhuru, akawashawishi jamaa zake wote, wakavuka, mtama ukiwa bado shambani haujavunwa, Ngumbao mdogo amemshika mbuzi jike kwa sikio, na walipofika ng'ambo wakageuka wakaona moshi, nyumba zao, tupu, hazina mtu wa kuwapinga, zikichomwa moja baada ya nyingine, na yule mbuzi akachukuliwa papo hapo ukingoni, kutoka mkononi mwake, sikio likamponyoka kati ya vidole, lenye joto, na usiku ule mama akajifungua chini ya kichaka mtoto wa kike, wakamwita Kaviha, ili jina lake libebe vile vita, na baba hakuinua kichwa tena mpaka walipomzika, hakuuawa na risasi, aliuawa na ule utiifu wake, na Ngumbao alikua akiyasikia maneno yale kama watoto wengine wanavyosikia vitendawili, akadhani ni ya Wagiriama peke yao, ni ugonjwa wa kwao, ni aibu ya kwao, mpaka siku ile, juu ya chuma cha moto, Mzungu mrefu amevua kofia analia na anayasema yaleyale, neno kwa neno, na Ngumbao akamtazama akafikiri, kumbe, kumbe na ninyi.

Twakushukuru Bwana, kanisa linaitika, Mzee Kenga ameingia kwenye habari ya miji iliyobomolewa, bega la Jumwa limegusa bega lake, lina joto, ananukia mafuta ya nazi, na tone la mvua limepenya makuti likamwangukia Jumwa kwenye leso naye hakutikisika, mwanamke huyu akiomba anaomba, hajui lolote juu ya siku ile, hakuambiwa, wala hajui kwamba nahodha aliendelea akasema, Redioni kuna sauti mbili, moja kutoka mji wetu mkuu, inasema kwa lugha yetu kwamba meli zetu zote ziingie bandari ya Mtaliano au ya yeyote asiye vitani, zingoje, na Mogadisho iko karibu hapo, nyingine inatoka Londoni, inasema njooni kwetu, na mimi nasema hii sauti ya nyumbani ulimi ni wetu lakini koo si letu, ameshikwa koo huyo anayesema, mimi sitamtii, lakini wengi wenu mna jamaa kule, sitawapeleka kwa nguvu, anayetaka twende zetu Mombasa ainue mkono. Ikasikika injini tu chini ya nyayo. Mkono mmoja, kisha mwingine, kisha mingi, wengine wanainua huku wanajipangusa macho kwa mkono wa pili, na aliyebaki mikono yake imekaa ubavuni kama magunia ni fundi mkuu wa mitambo, Halvorsen, ambaye wao walimwita Bwana Havosi, mkubwa wao wa kule chini, akasema, Mimi nina mke Bergen, nina mabinti wawili, na nahodha akasema, Najua, akasema tu hivyo, Najua. Kisha nahodha akageuka akawatazama wao, pale ukingoni, Kioko na Ngumbao na mpishi Mchina, Na ninyi, akasema, shingo zenu pia zimo humu, na Kioko akainua mikono yote miwili juu, akasema, Mombasa, bwana, mimi nguo zangu ziko Changamwe zinaningoja, na nahodha, ambaye muda mfupi nyuma alikuwa analia, akacheka, akasema, Mmoja unatosha, na Ngumbao akainua wake, wa kushoto, ulipokuwa bado mzima, na akaona jicho la nahodha likipita juu ya mikono yote likaja mpaka kwenye wake na kutulia hapo kidogo, ukahesabiwa, mkono mweusi wa masizi wa mtoto wa Ngala ukahesabiwa pamoja na mingine katika jambo la nchi, jambo ambalo kwao hakuna aliyewahi kumwuliza, si kabla, si baada, hata leo.

Na hayo Dishon angesema ni mkono tu, kuinua mkono si kupigana, sawa, lakini mkono ule haukuisha pale juu, shemeji, maana walishuka chini, zamu ilikuwa ya Ngumbao, Kioko akaenda kulala, na nahodha alikwisha kuagiza mwendo wa nguvu zote, na Ngumbao alikuwa amefungua mdomo wa tanuri, uso umeiva, beleshi mkononi, ndipo Bwana Havosi aliposhuka ngazi, hakushuka kama siku zote akipiga kelele, alishuka kama mtu anayeingia kwenye nyumba yenye maiti, akakaa kwenye kipandio cha chini, akasema, Gumbo, maana jina lake hakuliweza kamwe, Gumbo, polepole, punguza moto. Nahodha amesema kasi, Bwana Havosi. Nahodha hana mtoto, alisema, na akaeleza, pumzi imemkatika, kwamba moto ukipungua mvuke utashuka, mvuke ukishuka atamwambia nahodha boila ina hitilafu, na bandari ya karibu ni Mogadisho, watu watalala salama, hakuna atakayelaumiwa, na huko Bergen hakuna atakayekwenda kugonga mlango wa mke wake kumwuliza mumeo yuko meli gani, na akasema yule binti mdogo halali mpaka mlango wa chumba uachwe wazi kidogo, aone taa ya ukumbini, sasa unafikiri usiku huu ameachiwa wazi? Hivyo ndivyo alivyouliza. Mtu mzima, ndevu za manjano, anamwuliza mtia makaa. Na Ngumbao alisimama pale na beleshi lililojaa, jasho linaingia machoni, na jambo likamjia polepole kama maji yanavyopanda mwambani, kwamba nahodha yuko juu na ramani yake na usukani wake na kofia yake, wamepiga kura na wamelia, lakini meli hii inakwenda kwa beleshi hili, nikiliweka chini imekwisha, nikiliinua inakwenda, nchi yote ile ya baridi imesimama kwenye mikono yangu kwa muda huu, na huyu ndiye mkubwa wangu, ndiye anayesema niandikwe au nishushwe, anasema niliweke chini.

Hakuliweka. Alilimwaga motoni, lote, akachota jingine akalimwaga, ndipo akasema, na Kiingereza chake kilikuwa kibovu lakini siku ile kilimtii, akasema, Bwana Havosi, baba yangu alitii. Nani? Baba yangu, walikuja watu wenye bunduki, sisi hatukuwa na vita na mtu, wakasema hameni, baba akasema tutii upesi wasitudhuru, tukatii, tulikuwa bado twavuka mto wakachoma nyumba, zilikuwa tupu bwana, wakachoma hivyohivyo, aliyeingia kwako bila hodi ukimtii hakupunguzii kitu, hakukuchukia kwa sababu ulikataa, alikuja kwa sababu uko na kitu na wewe ni mdogo, binti zako hawatapona kwa meli hii kuingia Mogadisho, bali yeye atakuwa na binti zako na meli pia. Akaogopa. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya Mzungu, wala mbele ya mtu yeyote, na Bwana Havosi akainuka, na Ngumbao akakaza shingo akijua ngumi inakuja, na yule mtu akampita, akaenda pembeni, akachukua beleshi la Kioko, akatema mate viganjani, akachota. Walisimama bega kwa bega wakamlisha yule mnyama wa chuma mpaka mshale wa mvuke ukapanda ukatetemeka pale mwisho unapopaswa kutetemeka, na Bwana Havosi alilia waziwazi, machozi yakichora mistari myeupe kwenye masizi, huku anachota, analia na anachota, na Kioko aliposhuka kwa zamu yake akawatazama, akasema kwa Kiswahili, Ala, leo fundi mkuu ameshushwa cheo? Na Ngumbao akacheka mpaka akashika ubavu.

Mzee Kenga anakohoa, anaomba radhi kwa Mungu kwa kule kukohoa, anaendelea, na miji yao, Bwana, na makanisa yao, na Ngumbao tabasamu limempata magotini na hana pa kulificha, kwa sababu siku ya kuingia Kilindini imekuja yote kwa mpigo, yeye alikuwa chini, watia makaa hawaoni bandari, wao huisikia tu, injini ikipunguza na minyororo ikilia, lakini Bwana Havosi alimshika mkono wa shati akampandisha ngazi, Wewe njoo, ukaone, na mwanga ukampiga, na ile bendera kubwa kuliko zote walizokuwa nazo, nyekundu yenye msalaba, ilikuwa imepandishwa, Sigruni ya kutu imeinua kichwa kama bibi harusi, na pale bandarini palikuwa na meli ya Wadenimaki imetia nanga kama yatima, haijui ni ya nani tena, mabaharia wake wameegemea ukingoni, na walipoiona ile bendera inaingia kwa hiari yake, inapita Likoni polepole, haikwenda kule ilikoitwa, mmoja wao akavuta honi, yenye sauti nzito, ndefu, ikakufikia tumboni kabla ya masikio, na Mholanzi aliyekuwa kwenye gati akajibu, na Mwingereza akajibu, na vijimeli vya kuvuta vikajibu kwa sauti za kitoto, mpaka bandari nzima ikawa inalia kwa pamoja, na huku Likoni watu walikimbilia ufukweni, akawaona, leso za rangi, wanawake wakapiga vigelegele ingawa hawajui ni vya nini... na Jumwa alikuwamo! Aliwahi kusema, miaka imepita, anapepeta mchele, Kuna siku mwaka ule meli zililia zote pamoja, tulidhani bandari inaungua, tulipokuta haiungui tukapiga vigelegele tu, kwa vile hatukufa, na yeye Ngumbao akasema, Ehe, akaendelea kusuka makuti yake, mpumbavu, mkewe alimpigia vigelegele kabla hajawa mkewe, akamjibu Ehe.

Na kwa nini alijibu Ehe, kwa nini amekaa miaka hii yote na bandari nzima ndani ya kifua na ameibana mdomo, anajua kwa nini, ni Kioko, maana mwezi uliofuata Mjerumani aliingia Uholanzi na Ubelgiji na ile nchi nyingine ndogo kama kiganja, Lasembagi, zote zilikuwa zimesema hatumo, na Wanorwe wakaenda kukaa na wale Waholanzi gatini kama watu wa matanga, na tangu hapo Sigruni haikupumzika, Bombei, Durban, Suezi, chumvi ikawa mabomu, mabomu yakawa ngano, hata siku ile kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji, zamu ya Kioko, Kioko aliteremka akilalamika kwamba chai ya Mchina ni maji ya kuoshea vikombe, hayo ndiyo maneno yake ya mwisho duniani, na mlipuko wa kombora la nyambizi ukaja kutoka upande ule ule wa boila, na Ngumbao alikimbilia kifuniko cha ngazi akakishika kwa mkono mtupu, chuma chekundu, mvuke ukapita juu ya mkono wake ukauvua ngozi kama soksi, akaita Kioko, akaita, na aliyemwondoa pale ni Bwana Havosi, alimkumbatia kwa nyuma akamburuta mpaka mashuani huku Ngumbao akimpiga viwiko vya mbavu, na mashuani akamshikilia asirudi majini, usiku na mchana, kama mama, na hata walipoachana, Ngumbao hospitalini na yeye akienda kutafuta meli nyingine, maana alikuwa hana nyumbani pengine ila meli, aliinama juu ya kitanda akasema, Gumbo, siku tutakapoirudisha nchi, popote utakapokuwa, ishangilie kama ni yako.

Kama ni yako. Na imerudi! Imerudi juma hili hili, Mzee Kenga ameitaja kwa kinywa chake, na Ngumbao ameitika kwa midomo mikavu kama mtu aliyepewa habari za harusi ya jirani asiyempenda, kwa sababu shemeji yake amesema makaa hayana risasi, kwa sababu Kioko hayupo wa kusimama naye, nani atasimama kwa Kioko basi, nani Likoni nzima anajua kwamba alikuwako mtu aliyeinua mikono miwili, asiposimama yule wa mmoja? Huko nje kitu kimedondoka, nazi labda, kishindo kwenye udongo mbichi, na mgongo wa Dishon umeruka, ile mistari ya pasi imevunjika, mabega yamepanda mpaka masikioni na yanatetemeka, na koplo anajishika goti kwa mikono miwili ili lisionekane, na Ngumbao anamwona, anamwona kwa mara ya kwanza tangu arudi, maskini shemeji, na wewe kuna mahali ulikuwa, na wewe kuna kifuniko ulikishika, ukacheka jana usije ukaulizwa, basi hapana ugomvi, tutasimama wote, mimi sikuondolei chako, na wewe huwezi kuniondolea changu, maana changu nimekipata chini kule gizani penye moto, hakuna aliyenipa na hakuna wa kuninyang'anya. Wakubwa walisema wadogo hawana la kusema, ukiwa mdogo ukikaa kimya utaachwa, na ukiingiliwa tii, na wale wakakataa, Bwana, wakakataa kwa bendera moja na chumvi ya Adeni, na mikononi mwa nani kule kukataa kulipata mvuke? Damu inamrudi magotini, inauma, uchungu mtamu kama wa kuamka, na anafikiri juu ya baba, baba aliyekufa ameinamisha kichwa, baba, zimerudi, zile nchi zilizosema maneno yako, zimerudi moja moja kwa wenyewe, basi si ugonjwa, si aibu, ulikuwa na haki tangu siku ile, ulikosea tu kudhani umo peke yako, na kama za kwao zimeweza kurudi na wao ni wadogo... na anajikuta, wakati kanisa linavuta pumzi kati ya jina na jina, anaongeza yake mwenyewe, hakuipanga, haijaandikwa kwenye sala yoyote iliyotoka Londoni, Na nchi ya kaskazini ya Sabaki, Bwana, na watu wake ambao hawakuwa na vita na mtu, na safari hii sauti imetoka, imetoka nzito kama honi, vichwa viwili vitatu vimegeuka, na Mzee Kenga amesita, jicho moja limefunguka, yeye naye ni Mgiriama, yeye naye aliuona moshi ule kwa macho yake akiwa kijana, kisha ni Mzee mwenyewe anayeitika, chinichini, peke yake, halafu Jumwa, halafu wanawake wote wa upande wa kulia kwa pamoja, Twakushukuru Bwana, Twakushukuru.

Halafu Mzee Kenga anafumba lile jicho, anasafisha koo, na sala inaendelea pale ilipoachwa, kana kwamba hakuna lililotokea, amefika kwa wajane sasa, baadaye watakuja mayatima, na wagonjwa, na wafalme, na wote wenye mamlaka, sala ndefu hii, Mzee akishaanza hana breki, na Jumwa, bila kufumbua macho, amesogeza mkono juu ya mkeka akaushika ule mkono wa mumewe uliobabuka, ule anaouficha siku zote chini ya shati, akaukamata pale pale palipokunjamana, hajauliza, atauliza nyumbani, na nyumbani ataambiwa, chumvi na yote, leo leo, mpaka apigwe na usingizi, lakini kwanza hili, na Ngumbao yuko magotini palepale alipokuwa, mvua ileile, magoti yaleyale, na Mzee anavuta pumzi ya kuwaombea wafalme, naye aombe tu, aombe mpaka adhuhuri akitaka, hapana haraka, Ngumbao atasimama.